Shajara ya mradi: wadudu wa chungwa na weusi kwenye maharage, ni spishi moja au mbili?

Machi, masika yameanza

Haya, mradi umeanza rasmi. Mvua zimeshuka huku wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na hawa jamaa wametoka ardhini kama kawaida yao, maharage yana majani mawili matatu tu na tayari yametobolewa.

Kwa asiyejua naongelea nini: ni mbawakawa mdogo wa majani, milimita 6 hivi, anang'aa, umbo la yai, mgongo umevimba. Anakaa kwenye maharage na kunde, anakula jani katikati ya mishipa mpaka linabaki wavu, na mche ukiwa mdogo anaweza kuumaliza kabisa. Wakulima wa huku hawana jina maalum la kumwita, wanasema wadudu wa majani basi, ukibana sana unaambiwa "wale wekundu" au "wale weusi", na hapo ndo swali langu lilipoanzia. Maana kwenye shamba moja, shina moja, wakati mwingine jani moja, unamkuta mmoja mabawa ya chungwa tupu, mwenzake mabawa meusi tii ila kichwa na kifua bado chungwa, alafu kuna wa katikati ambao ukiwatazama hujui uwaweke kundi gani. Sasa hizi ni spishi mbili zinakula sahani moja, au ni spishi moja inavaa nguo tofauti? Ndo mradi mzima huo.

Nikiwa mkweli, kwa mkulima jibu halibadilishi sana mambo ya shambani. Mama mwenye shamba ninapookota nilimpa shikamoo nikamweleza nachofanya, akasikiliza mpaka mwisho alafu akaniambia, "Marahaba mwanangu, we unawahesabia rangi, mi wananimalizia mboga." Na ana haki, majani ya maharage ni mboga yake kabla hata maharage yenyewe hayajafika. Lakini mi naona huwezi kuandika chochote cha maana kuhusu mdudu, anatoka lini, anataga wapi, anabeba virusi gani, kama hujui kwa uhakika unaongelea mdudu mmoja au wawili waliochanganyika kwenye kopo lako.

Machi mwishoni, kuokota

Asubuhi na mapema ndo muda wake, kabla jua halijawapasha, wanakuwa wazito. Jua likishapanda ukigusa tu jani wanajiachia wanaanguka chini na hapo kwenye udongo mwekundu yule wa chungwa humuoni tena. Kwahiyo naweka kopo pana chini ya jani kwanza, alafu ndo naligusa, wanadondokea wenyewe ndani. Wavu sikuhitaji.

Nawagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza linaingia kwenye ethanoli ya asilimia 96 alafu friza, hao ni wa DNA. Watu wengi wanatumia ile spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, hiyo kwa kutunza umbo ni sawa kabisa lakini ina maji mengi, DNA inaharibika taratibu. Fungu la pili naua kwa pamba yenye asetoni ndani ya chupa, nawakausha, nagundisha kwenye kikadi kidogo cha pembetatu kilichochomwa pini. Mdudu wa milimita 6 usimchome pini yeye mwenyewe, utampasua.

Lebo ni kazi ya siku hiyohiyo: mahali, koodineti, mwinuko, tarehe, zao aliloshikiwa, nani kaokota. Penseli tu, maana wino wa kalamu ya kawaida ukikutana na ethanoli unayeyuka na unabaki na mdudu asiye na kwao. Mdudu asiye na lebo ni uchafu tu kwa kweli, hata awe mzuri vipi.

Kingine naandika kwenye daftari: kila nikikuta wawili wamepandana naandika rangi ya dume na rangi ya jike, na hao nawaweka kichupa chao peke yao.

Aprili, familia kwanza

Kuna watu wananiambia si upige picha uweke kwenye apu itakuambia. Nimeweka. Apu imeniambia familia sawa, kwenye jenasi imenipa majibu tofauti kwa mdudu yuleyule kutegemea mwanga ulivyompiga. Inasoma rangi zaidi ya kitu chochote, na rangi ndo kitu hasa ninachokitilia shaka, kwahiyo tumerudi kwenye lenzi.

Ukitaka kujua kama ni mbawakawa wa majani kweli, yaani familia ya Chrysomelidae aliyoipa jina Latreille mwaka 1802, anza na nyayo. Hesabu vipingili. Ukiangalia haraka utaona vinne, cha tatu kimepasuka kama kwato, lakini ukikuza vizuri unakuta kumbe ni vitano, cha nne ni kidogo mno kimejificha katikati ya ile kwato. Hiyo inamwondoa mdudu kibibi moja kwa moja, ambaye ye ukihesabu unaona vitatu, na vipapasio vyake ni vifupi vyenye kirungu mwishoni. Hili sio jambo la kuchekea kwa sababu wapo wadudu kibibi wanaokula majani vilevile, wale wa kundi la Epilachna, wa rangi ya kutu wenye manyoya mafupi mgongoni, na wakulima wanawachanganya na hawa kila siku. Huyu wangu hana manyoya mgongoni, anang'aa.

Wale mbawakawa wa pembe ndefu nao wana nyayo za aina hii hii, ila vipapasio vyao mara nyingi vinapita urefu wa mwili. Huyu wangu havipiti.

Nikaendelea kidogo nje ya mada, maana familia hii ni kubwa ajabu, spishi zilizoandikwa ni zaidi ya 30,000. Na ndani yake siku hizi wamo hata wale fukusi wa kunde na maharage wanaotoboa mbegu ghalani, ambao zamani walikuwa na familia yao peke yao, Bruchidae, saivi wameshushwa wamekuwa nusufamilia humu humu. Kwahiyo anayekula jani la harage shambani na anayekula punje yake kwenye gunia ni ndugu. Mama mwenye shamba hili lilimfurahisha kuliko mambo yote niliyomwambia, kasema ndo maana wana tabia moja.

Aprili katikati, nusufamilia

Hapa angalia mashina ya vipapasio. Kwa hawa yamekaribiana sana, yanaota katikati ya macho, yanakaribia kugusana. Wa Chrysomelinae (kama yule maarufu wa viazi wa Colorado) na wa Eumolpinae vipapasio vyao vimeachana mbali. Wale wanaofanana na kobe, wanaokaa kwenye majani ya viazi vitamu, wana ukingo umetanuka unafunika mwili mzima na kichwa hukioni ukiwa juu, hao ni Cassidinae. Kwa hiyo tumebaki na Galerucinae.

Ila kuna mtego mmoja. Wale wadudu viroboto, wanaoruka ukiwagusa, unaowakuta kwenye bamia wametoboa majani vitundu vidogo vidogo, nao mashina ya vipapasio vyao yamekaribiana. Wataalamu wengi saivi wanawaweka hukohuko ndani ya Galerucinae. Tofauti iko kwenye paja la nyuma: la kiroboto limevimba na ndani yake kuna springi ngumu ya kurukia, ukilipasua unaiona. Nimepasua mapaja ya wangu, wa chungwa na weusi, hakuna springi. Na kweli hawaruki, wanaanguka tu.

Aprili mwishoni, jenasi

Wagombea walikuwa watatu kichwani mwangu. Aulacophora ni wa chungwa pia na anajulikana sana kwenye maboga na matango, lakini mwili wake ni mrefu zaidi, na kwenye ngao ya kifua, juu, ana mfereji unaokatiza kutoka upande hadi upande. Wangu ngao ni laini imebinuka, hakuna mfereji. Monolepta ni mdogo zaidi na ana alama moja nzuri sana, kipingili cha kwanza cha unyayo wa nyuma ni kirefu mno, kinapita vyote vinavyofuata vikiunganishwa. Wangu hana hicho. Aliyebaki ni Ootheca, umbo linakubali, ukubwa unakubali, zao linakubali, msimu unakubali.

Ootheca ni jenasi ya Afrika ya tropiki, na habari njema ni kwamba Kortenhaus na Wagner waliipitia yote upya mwaka 2010 wakatoa ufunguo wa spishi, yaani mwongozo wa kumtambua mdudu hatua kwa hatua, na michoro. Bila kazi ya namna ile mradi wangu ungeishia hapa, maana maelezo ya zamani ni mistari michache ya Kilatini au Kijerumani inayoongelea rangi, rangi, rangi.

Majina mawili yanayotajwa sana kwenye mazao yetu ni Ootheca mutabilis (Sahlberg, 1829) na Ootheca bennigseni Weise, 1900. Kuna mtu kaniuliza kwanini mmoja ana mabano mwingine hana, sio urembo: mabano yanamaanisha aliyempa jina alimweka kwenye jenasi nyingine, baadaye akahamishwa. Na inaeleweka, 1829 jenasi ya Ootheca ilikuwa haijatengenezwa bado. Weise alimweka wa kwake humu tangu mwanzo kwahiyo hana mabano.

Mei, rangi kwenye mizani

Hii ndo sehemu niliyoisubiri.

Wazo la kwanza mtu analopata ni umri. Mbawakawa akitoka tu kwenye pupa anakuwa mlaini mweupe mweupe, rangi inakuja baadae anapokomaa, kwahiyo labda hawa wa chungwa ni watoto wa wale weusi. Nimewafuga wa chungwa kwenye ndoo yenye neti na majani ya maharage, nikawa nawatazama, wamekula, wametaga, wamekufa, wote bado chungwa. Alafu ukifikiria vizuri wazo lenyewe halisimami, kwa sababu Ootheca hana vizazi vingi kwa mwaka. Jike anataga kwenye udongo, mabuu yanakula mizizi, yanageuka pupa hukohuko chini, na mdudu mzima akishatoka kwenye pupa hatoki nje, anakaa ndani ya udongo amelala mpaka mvua kubwa zinazofuata. Yaani yule unayemuona Machi juu ya jani ana miezi yake tayari, ngozi ilishakauka zamani.

Wazo la pili, dume na jike. Hapana. Kwa wengi wa nusufamilia hii dume unamjua kwa kumgeuza, bamba la mwisho la tumbo lina mikato miwili inayoacha kiulimi katikati, la jike halina. Nimewageuza wote wa pini, kuna madume ya chungwa na madume meusi, majike vivyo hivyo.

Wazo la tatu, kupandana. Daftari langu limejaa jozi mchanganyiko, chungwa juu ya nyeusi, nyeusi juu ya chungwa, wala sioni kama wanachaguana. Watu wangu wa karibu wakasema basi kesi imeisha. Haijaisha. Madume ya wadudu yanapanda vitu vingi, hata spishi nyingine, kupandana kunakupa dokezo tu. Ningetaka mayai ya jozi mchanganyiko yafike mpaka mdudu mzima ndo niseme kitu, na mabuu yanayokula mizizi chini ya ardhi kuyafuga ni shughuli nyingine kabisa.

Mei mwishoni mpaka Juni, kupasua

Kwa hawa jamaa, utambulisho wa kweli uko kwenye uume wa dume. Ni kibomba kigumu cha kahawia, chenye umbo lake kila spishi: ncha imechongoka au butu, upande umepinda kiasi gani, katikati kumepanuka au kumenyooka. Rangi ya mgongo inaweza kucheza inavyotaka, kile kibomba hakichezi hivo.

Ninavyofanya: mdudu aliyekauka namloweka kwenye maji ya moto mpaka analainika, maana ukimshika mkavu atavunjika. Namlaza kifudifudi chini ya hadubini, nanyanyua mabawa, naingiza sindano iliyopinda ncha pembeni ya tumbo, navuta taratibu. Kinachotoka kina minyama na mafuta, nakiweka kwenye potasi kostiki ya asilimia 10, inakula vyote laini inaacha kigumu. Usiondoke ukaenda kula ugali ukarudi jioni, ikizidi inaanza kupausha na kulainisha na chenyewe. Naosha kwa maji, naweka kwenye tone la gliserini juu ya kioo, na hapo ndo kazi ya picha: kutoka juu, kutoka chini, kutoka ubavuni. Ubavuni ndo watu wanasahau na ndo penye habari. Baada ya hapo kinaingia kwenye kibomba kidogo cha gliserini kinachochomwa kwenye pini ileile ya mwenye nacho, wasipotezane milele.

Picha zenyewe ni simu juu ya lenzi ya hadubini, napiga nyingi kila moja fokasi inashuka kidogo, alafu programu inaziunganisha ziwe moja kali. Chini naweka karatasi ya milimita ili kipimo kiwepo.

Matokeo: nimeweka michoro ya madume ya chungwa, meusi na wale wa katikati moja juu ya nyingine kwenye laptopu. Ncha ni ileile. Mpindo wa ubavuni ni uleule. Tofauti zilizopo ni ndogo na hazifuati rangi, yaani dume wa chungwa na dume mweusi wanaweza kufanana kuliko madume mawili ya chungwa. Nilikaa nikaangalia ile skrini muda mrefu. Mi kwa upande wangu nimeshaacha kuwaita wawili.

Kwenye ufunguo wanaangukia bennigseni. Ila kwenye lebo nimeandika *Ootheca cf. bennigseni*, na hiyo cf. nimeiweka makusudi. Maana yake nasema huyu analingana na yule, mlinganishe, bado sijamweka kando ya kielelezo cha asili alichotumia Weise. Mkusanyiko wa Weise uko makumbusho ya Berlin, sio mahali pa kupanda daladala. Wapo watakaosema naogopa. Mi naona jina kamili lenye shaka ndani yake linadanganya watu wengi kuliko jina lenye alama ya shaka waziwazi, kwa sababu mtu wa pili atalinakili, wa tatu atalinakili kutoka kwa wa pili, na hakuna atakayerudi kumuangalia mdudu.

Oktoba, kiangazi

Nimerudi shambani na jembe. Maharage yalishavunwa zamani, mama kaniruhusu nichimbe kwenye mistari ya zamani kabla hajaandaa.

Wapo. Wazima, wamejikunja ndani ya vijumba vya udongo, miguu imekunjwa, ukiwashika wanachelewa kuamka. Na kilichonifurahisha ni kwamba kwenye mstari mmoja, udongo mmoja, nimetoa wa chungwa na weusi pamoja, wote hawajawahi kuonja jani tangu wamekuwa wazima wala kuona jua. Kwahiyo rangi hawaipati kwenye chakula cha juu wala mwanga, wanatoka nayo kwenye pupa. Hilo linaungana na zile picha za hadubini: rangi ni tofauti ya ndani ya spishi moja, inaelekea ni ya kurithi, ingawa inarithiwaje sijafika huko.

Mama akiwaona kwenye kiganja changu akauliza kama wote hawa watatoka masika. Nikamwambia ndiyo mama, ukiacha udongo ulivyo. Ndo sababu ya ule ushauri wa kugeuza udongo kwa kina baada ya kuvuna, wanatolewa juu wanakauka na ndege wanawala, na ule mwingine wa kutorudia maharage au kunde shamba lilelile, panda mahindi, wakitoka wasikute meza imeandaliwa. Ameniambia kaka yake anayelima jirani hapandi mahindi hata umlipe. Basi wadudu watatembea, wana mabawa.

Novemba, DNA

Wale wa friza wameanza kufanyiwa kazi. Unakata mguu mmoja tu wa katikati, mdudu anabaki mzima kama ushahidi. Kipande kinachosomwa ni kile cha jeni ya COI, besi (herufi za DNA) 658, ambacho Hebert na wenzake walikipendekeza mwaka 2003 kama msimbopau wa wanyama, na vianzishi, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, ni vilevile vya Folmer vya mwaka 1994 ambavyo kila mtu anavitumia. Nimechagua miguu kutoka rangi zote tatu, kutoka jozi zilizopandana, na kutoka waliochimbwa.

Nikipata mfuatano mmoja kwa wote nitafurahi lakini sitaruka juu. COI inatoka kwa mama tu, kwenye mitokondria, na kuna bakteria anaitwa Wolbachia anayeishi ndani ya wadudu wengi ambaye anaweza kufanya ukoo mmoja wa mitokondria utapakae mpaka spishi mbili zionekane moja, au kinyume chake. Ndo maana kupasua kulitangulia. DNA na uume vikisema kitu kimoja nitakaa vizuri, vikipishana tunarudi kwenye lenzi.

Vielelezo vyenyewe vinabaki nchini kwanza. Kupeleka wadudu nje, hata waliokufa, kunahitaji vibali, na tangu itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki, ianze kutumika 2014 makumbusho ya maana hayapokei kitu kisicho na makaratasi. Ni usumbufu, lakini mi nauunga mkono, vielelezo vingi sana vya kwetu vya zamani ukivitaka leo lazima upande ndege.

Kinachofuata

Masika yajayo nataka wa kutoka Lushoto, Mbulu, na ng'ambo kule Taita, hasa wa kwenye kunde, maana wangu karibu wote ni wa maharage na nataka kuona kama mutabilis anajitokeza akifika kwenye zao lingine. Nahitaji madume, na wa katikati wale wasioeleweka rangi ndo nawataka zaidi. Ukiwa huko na ukawaona, weka kwenye ethanoli ya 96, andika penseli mahali, tarehe na zao, na usiniletee weusi peke yao kisa wanapendeza.